Je, Waskoti Waulizwe Tena?

Muhula huu Chama chetu cha Majadiliano kilizungumza hoja iliyowashangaza wengi: "Mkutano huu waona kwamba Uskoti ipige tena kura ya kuamua kama itajitawala." Baadhi ya wenzangu walinung'unika walipoisoma ubaoni. Wakauliza, Uskoti yatuhusu nini sisi, ambao hata theluji hatujapata kuiona? Basi naandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, majadiliano yalifanywa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya shule, na wazazi wengi wasomao gazeti hili wangependa kujua watoto wao walikuwa wakipigiana kelele juu ya jambo gani. Pili, kila msemaji alipewa dakika nne, na mimi nilikuwa na maneno ya dakika arobaini.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majina. Sisi tusemao Kiswahili tuna neno moja, Uingereza, nalo twalitumia kwa nchi ile yenye London, na tena twalitumia kwa dola nzima. Kwa Mskoti hilo ni kosa. Ukimwita Mwingereza atakusahihisha upesi, kama vile Mzanzibari atakavyokusahihisha ukimwita Mtanganyika. Katika makala haya, basi, Uingereza ni ile nchi ya kusini peke yake. Na dola nzima, yenye Uingereza, Uskoti, Wales na Ayalandi ya Kaskazini, nitaiita Ufalme wa Muungano.

Zamani Uskoti na Uingereza zilikuwa nchi mbali mbali, zikipigana mara kwa mara. Mwaka 1603 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alikufa bila mtoto, na James, mfalme wa Waskoti, akarithi kiti chake. Tangu hapo mfalme akawa mmoja, lakini mabunge yalibaki mawili kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1707 mabunge hayo yakaunganishwa, na bunge moja likakaa London. Waskoti walikuwa wametoka kupata hasara kubwa. Walikuwa wamechanga fedha nyingi sana ili kufanya koloni yao wenyewe huko Darien, penye shingo ya nchi ya Panama, na wengi waliokwenda walikufa kwa homa na njaa, na fedha zote zikapotea. Kwa hiyo wakubwa wao waliingia katika muungano mifuko ikiwa mitupu. Walibaki na mahakama zao, kanisa lao na shule zao. Wananchi wa kawaida hawakuulizwa neno. Lakini siku zile wananchi wa kawaida hawakuulizwa popote duniani, na sioni haki kuwalaumu watu wa 1707 kwa kukosa desturi ya 2014.

Wala Waskoti si wageni kwetu. David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, karibu na Glasgow, na ndiyo sababu Malawi ina mji wenye jina hilo. Mwalimu Nyerere naye alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, tangu 1949 hata 1952, akarudi na shahada yake. Nilipoyataja haya mkutanoni, mpinzani mmoja alisema kwamba kusoma mahali hakumfanyi mtu kuwa na neno la kusema juu ya mahali pale. Kweli, lakini kunanitosha mimi kuwa na hamu ya kujua habari za nchi ile.

Sasa nije kwenye kura zenyewe, maana wengi walizungumza kana kwamba kura ilikuwa moja tu. Mwaka 1979 Waskoti waliulizwa kama wataka baraza lao wenyewe la kutunga sheria za mambo ya ndani. Katika waliopiga kura, asilimia 51.6 walisema ndiyo. Hata hivyo hawakulipata baraza, kwa maana iliwekwa sheria kwamba kura za ndiyo sharti zifikie asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa, waliokuja na wasiokuja. Zikafika kama 33 tu. Mtu aliyelala nyumbani kwake siku ile alihesabiwa kana kwamba amekwenda kukataa. Jambo hilo liliacha uchungu wa miaka mingi. Mwaka 1997 wakaulizwa tena, na asilimia 74.3 wakakubali, na bunge lao likaanza kazi Edinburgh mwaka 1999. Namwomba msomaji aliweke hilo akilini: bunge walilo nalo Waskoti lilitoka katika kura ya pili. Kama mwaka 1997 mtu angesema, "Mlikwisha ulizwa 1979, nendeni zenu," bunge hilo lisingekuwapo.

Baadaye kikaja chama chao kitakacho kujitawala kabisa, SNP, kikapata viti 69 katika 129 vya bunge la Edinburgh mwaka 2011. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu wa Ufalme wa Muungano, David Cameron, na kiongozi wa serikali ya Uskoti, Alex Salmond, walitia sahihi mapatano kwamba kura ifanyike kwa halali na kila upande uyaheshimu matokeo. Swali lilikuwa fupi: Je, Uskoti iwe nchi huru? Siku ikawa tarehe 18 Septemba, 1984? La, ni 2014; naandika hivi kwa kuwa mwenzangu mmoja aliitaja tarehe hiyo mkutanoni kwa mwaka 1984, na watu wakacheka hata mwenyekiti akagonga meza.

Waliosema hapana walikuwa 2,001,926, yaani asilimia 55.3. Waliosema ndiyo walikuwa 1,617,989, yaani asilimia 44.7. Katika kila watu mia walioandikishwa, karibu 85 walikwenda kupiga kura. Mji wa Glasgow ulisema ndiyo, na Dundee vile vile. Edinburgh, mji mkuu, ulikataa. Hakuna damu iliyomwagika. Mwanasiasa mmoja alirushiwa mayai, akaahirisha mikutano yake kwa siku chache. Nchi nyingi zingefurahi kama hasara ya kura ya namna hiyo ingehesabiwa kwa mayai.

Mambo mawili ya kura ile yalinipendeza sana, nami nataka wanafunzi wenzangu wayajue. La kwanza ni kwamba vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura. Hapa kwetu sharti uwe na miaka 18. Fikirini, basi, vijana wa kidato cha tatu na cha nne wakitoka darasani kwenda kuamua kama nchi yao iwe dola au isiwe, kisha warudi kumalizia hesabu za mwalimu. La pili ni kwamba kura walipewa wakaaji wa Uskoti. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaokaa huko kwa halali walipewa pia, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya aliyekuwa na makazi yake Glasgow alikuwa na kura. Na Mskoti mwenye kilt na babu wa kilt, aliyehamia London, hakuwa nayo. Wengine waliliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mimi naona lina akili. Paa likivuja, anayelowa ni yule alalaye ndani.

Basi mambo yangeishia hapo, kama si yaliyofuata. Katika kampeni ya 2014, upande wa hapana uliwaambia Waskoti kwamba njia ya hakika ya kubaki katika Umoja wa Ulaya ni kubaki katika Ufalme wa Muungano. Wengi walisadiki, nao walikuwa na sababu ya kusadiki. Tarehe 23 Juni 2016 Ufalme wote wa Muungano uliulizwa kama uondoke katika Umoja huo. Kwa jumla asilimia 51.9 walisema uondoke. Katika Uskoti asilimia 62 walisema ubaki, na wilaya zote 32 za Uskoti zilisema hivyo, hata moja haikutofautiana. Vijana wa miaka 16 na 17 safari hii hawakuruhusiwa. Tarehe 31 Januari 2020 Ufalme wa Muungano ukatoka Ulaya, na Uskoti ikatoka nao, ikiwa imeshikwa mkono.

Mwaka 2017 bunge la Edinburgh liliomba ruhusa ya kura nyingine, kwa kura 69 dhidi ya 59. Waziri Mkuu Theresa May akasema sasa si wakati wake. Mwaka 2021 vyama vitakavyo kujitawala vikapata viti 72 katika 129. Wakapanga kura iwe tarehe 19 Oktoba 2023. Lakini mnamo Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Ufalme wa Muungano ikaamua, majaji wote wakiwa na neno moja, kwamba bunge la Edinburgh halina uwezo wa kutunga sheria ya kura hiyo pasipo idhini ya London. Waskoti wakatii. Kura haikupigwa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nieleze jinsi tulivyogombana sisi.

Upande wa kupinga ulianza kwa methali, na methali ilikuwa nzuri: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakaongeza nyingine: ahadi ni deni. Maana viongozi wa upande wa ndiyo wenyewe walisema mwaka 2014 kwamba ile ilikuwa nafasi ya mara moja katika kizazi. Wakauliza, je, kizazi cha Waskoti ni miaka mitatu, hata 2017 wakawa wanaomba tena? Hapo watu walipiga makofi, na mimi niliyekuwa upande wa pili niliona kwamba pigo lile lilitufika.

Lakini methali ya mshindani ni ya mchezo. Katika mpira wa miguu, matokeo ya jana hayakulazimishi kufanya lolote kesho. Unakwenda kuoga, kisha unangoja mechi nyingine. Mtu akitawaliwa, hutawaliwa kila siku. Na ahadi ile ilitolewa na wanasiasa. Mapatano yenyewe ya 2012 hayakuwa na neno la kizazi ndani yake. Mwanasiasa aweza kuahidi kwa niaba ya chama chake, lakini hawezi kumwahidia mtoto ambaye hajafikia umri wa kusema. Aliyezaliwa Uskoti mwaka 2008 alikuwa na miaka sita siku ile ya kura. Mwaka 2024 alitimiza miaka 16. Deni ni la nani hapo, na ni nani aliyelikopa?

Msemaji wao wa pili alikuwa hodari zaidi, na kwa kweli ndiye aliyeshinda siku ile. Alisema hivi: kura ya namna hii haina haki sawa kwa pande mbili. Upande wa muungano ukishinda, wataambiwa warudie baada ya miaka michache, kisha tena, kisha tena. Upande wa kutoka ukishinda mara moja tu, mambo yamekwisha; hakuna atakayewaita Waskoti mwaka wa kumi na kuwauliza kama wataka kurudi. Ni sawa na mtu anayekuja kukuomba shamba lako kila asubuhi. Ukikataa mara mia na kukubali mara moja, shamba limekwenda.

Sikupata jibu la neno hilo katika dakika zangu nne. Nalijibu hapa.

Jibu ni kwamba jambo hilo lahitaji kanuni, na kanuni yenyewe ipo tayari, tena katika Ufalme ule ule wa Muungano. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 1998, sheria ya Ayalandi ya Kaskazini yasema kwamba Waziri ahusikaye sharti aitishe kura ya kuungana na Jamhuri ya Ayalandi wakati wowote aonapo kuwa yaelekea wengi watakubali. Na kwamba kura mbili za namna hiyo zisikaribiane kwa chini ya miaka saba. Kwa hiyo mwenye shamba hasumbuliwi kila asubuhi, na mwenye kuomba hafukuziwi mbali milele. Kila mtu aijua siku yake. Kama kanuni hiyo yafaa upande mmoja wa bahari ile nyembamba, mbona haifai upande wa pili?

Nilimwuliza hivyo msemaji yule baada ya mkutano, tulipokuwa kwenye foleni ya chakula. Akasema Ayalandi ya Kaskazini ni jambo jingine, kwa sababu huko watu walipigana miaka thelathini na zaidi ya 3,500 wakauawa. Ni kweli. Na hilo hasa ndilo linalonisumbua katika habari hii yote. Waliopigana wakapewa kanuni iliyoandikwa. Waskoti, waliosubiri, wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakarudi nyumbani kwao kwa utulivu, hawakupewa kanuni yoyote. Wanaambiwa kwamba muungano wao ni wa hiari, na viongozi wengi wa London wamekiri hivyo kwa miaka mingi. Lakini hakuna aliyewaonyesha mlango wa hiari hiyo uko wapi, wala ni nani mwenye ufunguo, wala hubishwa vipi. Naogopa vijana wa nchi nyingine wakijifunza kutoka hapo kwamba subira hailipi.

Niseme pia juu ya kura yetu wenyewe, maana ilikuwa na kichekesho chake. Hoja ilikataliwa, 63 dhidi ya 54. Papo hapo kijana mmoja wa upande wetu akasimama, akataka kura irudiwe, ati wenzetu wa bweni moja walikuwa wametoka kwenda kuteka maji. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja yenyewe iliyokuwa imejadiliwa saa nzima! Mwenyekiti akamkatalia, nami naona alifanya vema. Katika dakika tano hakuna kilichokuwa kimebadilika. Waliotoka walitoka kwa hiari yao, wakijua kura inakuja. Lakini tuseme mwenyekiti, baada ya hoja kukataliwa, angetangaza kwamba maana yake ni tofauti na ile tuliyoisoma ubaoni. Hapo kurudia kura kungekuwa haki ya walioshinda na walioshindwa pia. Kwangu mimi tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha shauri la Waskoti. Walichokichagua mwaka 2014 ni Ufalme wa Muungano ulio ndani ya Umoja wa Ulaya. Walichonacho tangu 2020 ni kitu kingine. Chaweza kuwa kizuri zaidi, sibishi. Lakini si kile walichopigia kura.

Wapinzani walitaja pia Kaledonia Mpya, kisiwa kilicho katika Pasifiki chini ya Ufaransa. (Jina hilo, kwa bahati, ni la Uskoti: Kaledonia ni jina la kale la nchi ya Waskoti, na Kapteni Cook ndiye aliyekipa kisiwa jina mwaka 1774.) Huko mapatano ya mwaka 1998 yaliruhusu kura hata tatu. Mwaka 2018 asilimia 56.7 walikataa kujitawala. Mwaka 2020 waliokataa walipungua wakawa 53.3. Kura ya tatu ilipangwa Desemba 2021, wakati Wakanaki, wenyeji wa kisiwa, walipokuwa wakiomboleza watu wao waliokufa kwa UVIKO. Wakaomba iahirishwe, Ufaransa ikakataa, nao wakakaa majumbani. Matokeo yakawa asilimia 96.5 za hapana, lakini chini ya nusu ya watu ndio waliofika. Mnamo Mei 2024 kisiwa kikawaka moto kwa fujo juu ya nani aandikishwe katika orodha ya wapiga kura. "Mwaona?" wakasema wapinzani. "Kura tatu, na amani hakuna."

Naona. Na nakubali kwamba wingi wa kura haununui amani. Lakini kura mbili za kwanza hazikuleta fujo ile. Iliyoharibu ni ya tatu, iliyosukumwa mbele na upande mmoja wakati upande wa pili umefunga milango. Kura ambayo upande mmoja haukuja haiamui kitu, hata ikiwa na asilimia 99. Kwa ajili hiyo mimi si mmoja wa wale wasemao kwamba Uskoti ingaliipuuza mahakama na kupiga kura yake yenyewe. Wenye kusema hapana wangalikaa nyumbani, ndiyo ingalishinda kwa wingi wa aibu, na hakuna dola duniani ingaliitambua.

Na kwa wale waogopao kwamba Waskoti wakipewa kura ya pili wataomba ya tano na ya sita, nawapa mfano wa Quebec, katika Kanada. Mwaka 1980 waliulizwa, asilimia 59.6 wakakataa. Mwaka 1995 wakaulizwa mara ya pili, na hapana ikashinda kwa kura 54,288 tu, katika watu karibu milioni tano waliopiga. Ungedhani wangerudi baada ya mwaka mmoja. Hawakurudi. Watu walichoka, wakageukia shule na hospitali na barabara zao, na chama kitakacho kujitenga kikatawala na kuondoka bila kuthubutu kuita kura nyingine. Watu hawapendi kuulizwa swali moja kila siku, na chama kiwasumbuacho hupata adhabu yake. SNP yenyewe, kwa sababu mbalimbali, ilianguka kutoka viti 48 hata 9 katika uchaguzi wa bunge la London mwaka 2024.

Msomaji atadhani sasa kwamba nataka Uskoti iondoke. La hasha. Kama ningekuwa mkaaji wa Glasgow, ningesema hapana. Mwaka 2014 serikali ya Uskoti ilipiga hesabu zake kwa kufikiri kwamba pipa la mafuta litauzwa kwa dola 110. Mwanzoni mwa 2016 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30. Nchi changa ingaliubeba mzigo huo katika mwaka wake wa kwanza. Tena hawakuwa na jibu la kutosha juu ya fedha watakayotumia, maana serikali ya London ilikwisha kusema haitashirikiana nao katika pauni. Na sehemu kubwa ya biashara yao ni na Waingereza, jirani zao. Kwa nini waweke forodha mlangoni pa mteja wao mkubwa? Hizo ni sababu zangu za kusema hapana. Lakini ni sababu za kwenda nazo penye sanduku la kura. Upande wetu na upande wao, siku ile, wote walichanganya maswali mawili: kama Uskoti iondoke, na kama Waskoti waulizwe. Mtu aweza kusema hapana kwa la kwanza na ndiyo kwa la pili bila kujipinga.

Sasa natia mguu mahali penye utelezi. Mwalimu mlezi wa chama alituonya tusiufanye mjadala wa Uskoti kuwa mjadala wa kwetu, naye alikuwa na haki, kwa kuwa Uskoti ya 1707 na Tanganyika na Zanzibar za tarehe 26 Aprili 1964 si kitu kimoja. Sitalinganisha. Nasema tu kwamba sisi ni watoto wa muungano, na ndiyo sababu hoja hii haikuwa ya kigeni kama wenzangu walivyodhani. Mwezi ule ule wa Septemba 2014, Waskoti walipokuwa wakihesabu kura, Bunge Maalum lilikuwa Dodoma likibishana juu ya serikali mbili au tatu. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, kisha ikaahirishwa. Wazazi wanakumbuka. Na Wazanzibari waliulizwa tarehe 31 Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, na uchaguzi uliofuata ukapita kwa utulivu kuliko uliotangulia.

Tena Mwalimu Nyerere, aliyeupenda umoja kuliko viongozi wengi wa zamani zake, ndiye aliyeitambua Biafra mwezi Aprili 1968, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Wengi katika Afrika walimkasirikia. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba umoja wa dola hukaa juu ya ridhaa ya watu wenyewe, na kwamba watu wasiojiona salama ndani yake hawawezi kushikwa kwa bunduki. Mtu aweza kumpinga kuhusu Biafra. Wapo waliompinga, na vita vyenyewe viliisha Biafra ikiwa imeshindwa. Lakini hakuwa mtu wa kuvunja miungano, na bado hakuogopa swali.

Basi, rai yangu ni hii. Bunge la London na la Edinburgh yakae pamoja, yaandike kanuni moja kama ile ya Ayalandi ya Kaskazini. Muda kati ya kura na kura mimi ningeuweka kuwa miaka kumi na mitano, kwa sababu miaka saba naiona michache kwa jambo zito kama hilo, na kwa sababu miaka kumi na mitano yatosha mtoto wa chekechea kuwa mpiga kura. Swali liwe fupi kama la 2014. Wengi wa waliofika vituoni waamue, pasipo ule mtego wa 1979 wa kuwahesabu waliolala. Vijana wa miaka 16 wabaki na kura yao. Na ombi likitoka katika bunge la Edinburgh baada ya uchaguzi ambao jambo hilo lilitangazwa wazi, London isiwe na uwezo wa kusema "si wakati wake" bila kutaja wakati wake ni lini.

Msemaji yule hodari amesoma makala haya kabla hayajafika kwa Mhariri. Asema kanuni yangu ya miaka kumi na mitano nimeibuni ili kumridhisha yeye, na kwamba hakuridhika. Mhariri ameahidi kumpa ukurasa katika toleo la muhula ujao.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Tano